Kokoto na Zulia la Bluu

Juni 12

Baba amenileta kwa basi hadi bweni la hoki la wasichana, Simdega, akamkabidhi mlinzi begi langu, akaniaga kama mtu anayemuaga mgeni, kisha akakimbilia basi la kurudi. Mvua haijanyesha. Chumbani tuko wanne na feni ni moja. Siwezi kulala, siwezi kukaa. Nimeuzunguka uwanja mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kitanda kilicho jirani na changu ni cha Nutan Ekka. Baba yake anafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma huko Rourkela, na yeye ameshika gongo la dukani tangu meno ya utotoni. Aliniuliza kijijini kwetu Jampani tunachezea nini. Nikamwambia magongo ya mwanzi, kwenye uwanja wa kokoto.

"Na mkishinda mnapewa nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Aliyehasiwa. Huyo ndiye hunenepa."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sikuona cha kuchekesha. Mbuzi wa namna hiyo hulisha timu nzima na waume zao.

Juni 13

Mwalimu Jaywanti Kandulna ametuamsha kabla jogoo hajajua kama ni asubuhi. Kila mmoja anapewa konzi ya dengu mbichi zilizolowekwa na kipande cha sukari guru, anatafuna huku anafunga viatu. Halafu zulia la bluu, ndivyo wasichana wanavyouita uwanja wa nyasi bandia. Kabla ya mazoezi unamwagiliwa maji. Nyumbani watu wanatazama mawingu shingo zimewakauka, miche ya mpunga inageuka njano, na huku wanamwagilia plastiki.

Kwetu mpira unaruka kwenye kokoto, lakini kila kokoto naifahamu. Hapa unateleza kama umetumwa. Wa kwanza ulinipita kabla sijajua kuwa umepigwa. Wa pili ulinigonga kifundo. Wa tatu niliuzuia, nikaanguka mimi.

Juni 15

Malengelenge miguu yote miwili. Nimeomba nicheze peku. Mwalimu amekataa.

Juni 21

Leo nimetamani ardhi ipasuke. Baada ya mazoezi Mwalimu aliniita mbele ya wote.

"Unaukimbilia mpira kama kuku aliyeona mchele," alisema. "Kuanzia leo wewe ni beki wa kushoto."

Nikamwambia mimi ni mfungaji, Jampani hakuna anayenishinda kwa magoli. Akajibu kwamba hapa si Jampani, akapuliza filimbi.

Beki. Kwetu nafasi za nyuma ni za wanawake waliokwisha kuzaa, ambao pumzi imewapungua. Mama yangu ni beki. Kila Agosti, tangu kabla sijazaliwa, anakunja sari yake, anaibana kiunoni na kwenda kusimama mbele ya goli la Jampani, na mbuzi akipatikana anarudi nyumbani kukoka moto kama kawaida. Sikuja huku nije kuwa Mama.

Nilimwambia Nutan kwamba yule mwanamke ana roho ya jiwe. Nutan akasema jiwe lina huruma kidogo.

Juni 28

Hakuna mvua. Nimefunga begi. Nimelifungua.

Julai 5

Imenyesha. Ilianza wakati tunakimbia, na wasichana wa vijijini tulisimama wote pamoja, nyuso juu, midomo wazi. Wale wa mjini wakaendelea kukimbia. Mwalimu hakupuliza filimbi. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama, mikono nyuma.

Julai 6

Mvua.

Julai 10

Nutan amenionea huruma, au amechoka kuniona nikianguka. Saa za jioni tunapewa ruhusa ya kufua, basi yeye ananipeleka kwenye sakafu ya saruji kando ya mabomba, ananipigia mipira. Anasema mikono yangu ni migumu mno. "Gongo usilikabe. Lishike kama umeshika kifaranga." Nikilegeza mikono mpira unatulia wenyewe. Nikikaza unaruka. Leo kati ya mipira yake mingi ilinikimbia michache tu, na nguo zetu hazikufuliwa.

Nilikuwa nikimwona msichana wa majivuno. Ni mtu wa kucheka tu, na hupenda kucheka kwanza halafu ndipo aanze kusaidia.

Julai 19

Jumapili ni siku ya simu. Mama alisema miche iko tayari, mashamba yanajaa maji, kupandikiza kutaanza mvua ikitulia kidogo. Akauliza wameniweka nafasi gani. Nikasema mbele.

"Vizuri," alisema. Mvua ilikuwa inasikika upande wake na upande wangu.

Julai 26

Tumecheza na wasichana wa bweni la wilaya jirani. Mshambuliaji wao alikuja upande wangu, nami nikamrukia. Akanipita. Akaja tena, nikamrukia tena, akanipita tena. Tulifungwa mabao matatu, mawili yakipitia kwangu. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningesimama nisifanye lolote ningemsumbua zaidi yule binti.

Kusimama! Miguu yangu haijui neno hilo. Hata sasa naandika nikikanyaga-kanyaga papo hapo, daftari nimeliegemeza ukutani.

Julai 27

Nimefunga begi. Nutan ameketi juu yake mpaka nikakubali twende kula.

Agosti 6

Sisi wa vijijini tumepewa likizo ya kupandikiza mpunga. Mwalimu alituita mmoja mmoja. Mimi alinikumbusha kwamba tarehe ishirini na tisa wateuzi wanakuja kuchagua wasichana wa kambi ya timu ya jimbo, kule Ranchi, na kwamba jina langu ameliandika. Sikutegemea.

"Najua tarehe kumi na tano kwenu kuna mashindano ya mbuzi," alisema. "Usiguse gongo huko. Kila mwaka kokoto zile zinanirudishia majeruhi."

Nikaapa.

Agosti 9

Tope mpaka magotini tangu asubuhi. Wanawake wamepanga mstari, wameinama, wanarudi kinyumenyume wakiimba, na miche inabaki mbele yao imesimama. Nilikuwa nimesahau jinsi mgongo unavyouma. Mama yuko kando yangu, haongei, mikono inakwenda. Jioni Baba alileta uyoga wa msituni, tukala na wali uliolowekwa majini na pilipili. Nililala kama gogo kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu hoki isipokuwa Shangazi Filisita, dada yake Baba, ambaye ni golikipa wa Jampani na mdomo wake haujawahi kupumzika. Alitaka kujua kama ni kweli huko tunachezea zulia. Nikasema ni kweli. Akawatangazia shambani: "Jamani, panguseni miguu, binti wa zuliani anapita."

Agosti 12

Jioni, wakitoka shambani, wanafanya mazoezi. Nakaa pembeni. Mama amefunga gongo lake la mwanzi kwa mpira wa baiskeli pale lilipopasuka. Nilimwambia nimeapa. Akasema kiapo ni kiapo, akaenda kusimama nafasi yake.

Agosti 15

Naandika kwa shida, nitaeleza mbele.

Baada ya misa ya Bikira Maria na kupandisha bendera ya Uhuru wa India, watu wa vijiji vyote walikusanyika uwanjani. Mbuzi alifungwa kwenye mti wa mkwaju, mweusi, mnene, shada la maua shingoni, akila maua yake mwenyewe. Asubuhi ilikuwa nusu fainali. Mimi niliketi na Baba.

Nimemwona Mama akicheza tangu nanyonya, na leo ndio mara ya kwanza nimemtazama. Mshambuliaji wa wale wageni alikuwa binti mwepesi. Alimjia Mama mbio, akapinda kulia, akapinda kushoto. Mama hakumrukia. Alirudi nyuma hatua ndogo ndogo kama anavyorudi shambani, ameinama, gongo liko chini linagusa ardhi, macho yako kiunoni kwa binti, si kwenye mpira. Binti akapinda tena. Mama bado yuko mbele yake. Mwishowe binti hakujua aende wapi, akausukuma mpira mbele kidogo mno, na Mama akauchukua kama mtu anayeokota yai. Ilitokea tena na tena. Nilikuwa nimekaa mbele ya kitu kile kile ambacho Mwalimu amekuwa akiniambia kwa miezi miwili, na mwenye nacho ndiye aliyenizaa.

Tulikuwa tunaongoza, mechi imekaribia kwisha, ndipo gongo la mtu lilipopanda juu likashukia mkono wa Mama. Nilisikia mlio nilipokaa. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa vimeelekea kwingine. Hakulia. Alicheza mpaka filimbi, kwa mkono mmoja.

Mganga wa mifupa alimfunga kwa vijiti na majani. Jampani haikuwa na mchezaji wa akiba, kwa sababu wawili walikuwa na watoto wachanga na mmoja homa. Fainali ilikuwa dhidi ya Barkatoli, ambao walimchukua mbuzi mwaka jana. Jaymani, mfungaji wao, mwanamke mwenye mapaja kama vinu, alipita mbele yetu makusudi.

"Shemeji, msihangaike," alimwambia Baba. "Mtaletewa mchuzi."

Shangazi Filisita alimjibu maneno ambayo siyaandiki, siku ya Bikira Maria. Kisha wanawake wote wakawa wananitazama mimi. Mama hakuniomba, na nadhani kama angeniomba ningekataa. Alikuwa anatazama mkono wake uliofungwa, amefura kwa hasira, si kwa maumivu. Nikavua kandambili. Nikamwomba gongo lake.

"Umeapa," alisema.

"Najua."

"Basi nenda mbele, ndiyo nafasi yako."

"Hapana," nikasema. "Wameniweka nyuma."

Sijui alifikiri nini. Akanipa gongo.

Jaymani alinijia mara ya kwanza, nami kwa mazoea nikamrukia, akanipita, Shangazi akaokoa kwa tumbo. Kutoka pembeni nikasikia sauti ya Mama, haikuwa kubwa. "Rudi nyuma. Panda mpunga." Nikaelewa. Alipokuja tena nikarudi kinyumenyume, nimeinama, macho kiunoni kwake. Aliyumba, nikasubiri. Akanitukana, nikasubiri. Kila kitu mwilini kilitaka kuruka, nikakaa nacho. Mpira ulipojitenga na gongo lake nikauchukua. Nilisikia kijiji kizima kikipumua.

Tulishinda kwa bao moja, la kona ndogo, ile adhabu ya karibu na goli. Katika zile dakika za mwisho nilikanyaga kipande cha chupa ndani ya kokoto, sikukisikia mpaka nilipoona nyayo zangu nyekundu uwanjani. Ndiyo maana naandika nikiwa nimelala, mguu juu ya gunia. Nje wanachinja. Mama anakula kwa mkono wa kulia na wa kushoto ameupakata kama mtoto. Hajanisifu. Alinitengea ini.

Agosti 16

Mguu umevimba. Mvua.

Agosti 18

Nimerudi bwenini. Nilidhani nitaficha, lakini wakati wa kukimbia Mwalimu aliniona jinsi ninavyokanyaga. Nikamwambia yote pale pale, mvua inatunyeshea. Nilingoja anifukuze. Karibu nilitamani.

Aliniuliza swali moja: nilicheza nafasi gani. Nikamwambia. Akauliza walifunga mangapi. Nikasema hakuna. Kisha akanipeleka hospitali mwenyewe, nyuma ya pikipiki yake. Nimeshonwa.

"Jina lako silifuti," alisema tuliporudi. "Mguu ndio utakaoamua, si mimi. Lakini uliniapia, Phulkeria. Hilo sitalisahau, ingawa ningekuwa wewe ningefanya vilevile."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Agosti 22

Napiga mpira nikiwa nimeketi kitini. Nutan ananirushia. Roho inawaka.

Agosti 26

Nyuzi zimetolewa. Daktari amesema nipumzike wiki mbili. Nimemshukuru.

Agosti 29

Wateuzi walikuwa watu watatu chini ya mwavuli mmoja. Nilifunga mguu bendeji mbili, nikavaa soksi mbili.

Kipindi cha kwanza nilicheza. Nataka hili liandikwe mahali, hata kama ni hapa tu. Walimleta upande wangu binti mmoja wa Ranchi ambaye kila mtu alikuwa akinong'ona habari zake, na hakunipita. Nilirudi nyuma, nikasubiri, nikachukua. Nikachukua tena. Mmoja wa wale watatu aliandika kitu akaninyooshea kalamu. Sijawahi kuwa mtulivu namna ile katika maisha yangu, na mvua ilikuwa nzuri na zulia lilikuwa zuri.

Kipindi cha pili kidonda kilifunguka. Niliusikia unyayo unateleza ndani ya kiatu. Binti alikuja, nikarudi nyuma, mguu ukakataa, akapita, akafunga. Alikuja tena. Nikajaribu kukanyaga kwa kisigino. Akapita tena. Mwalimu aliniita nje kabla mimi sijaomba, akanivua kiatu mwenyewe, akaimwaga damu kwenye majani ili wasione.

Walisoma majina jioni. Nutan Ekka yumo. Mimi simo.

Agosti 30

Hapana.

Agosti 31

Mvua haiachi. Wanasema mto umefunika daraja. Nimemkwepa Nutan siku nzima, na chumba chenyewe ni cha vitanda vinne. Mwishowe amenizuia mlangoni.

"Nisikitike au nisisikitike?" aliuliza. "Niambie nifanye lipi, maana yote mawili nimechoka."

Nikamwambia asisikitike. Akalia yeye, nikawa mimi wa kumbembeleza. Baada ya hapo tukafua nguo kwelikweli, zilikuwa zinanuka.

Septemba 2

Ameondoka kwenda Ranchi. Kitanda chake kina godoro tupu.

Septemba 3

Nimeomba ruhusa nikampigia simu Mama, ingawa si Jumapili, nikamwambia aje anichukue. Palizi imefika na mkono wake haujapona, wananihitaji. Nilisema hivyo. Alisikiliza, akasema atakuja Jumapili. Nimemwarifu Mwalimu. Alisema nafasi yangu bwenini ipo kwa mwaka mwingine nikiitaka, na kwamba hanishiki mkono. Nikajibu siitaki.

Nimefunga begi, na safari hii hakuna wa kuketi juu yake.

Septemba 5

Siwezi kula. Nimezunguka uwanja.

Septemba 6

Mama alifika na basi la asubuhi, amevaa sari ya kanisani, amebeba mfuko wa mchele wa kupondwa kwa ajili ya Mwalimu. Mazoezi yalikuwa yakiendelea. Nilikuwa langoni na begi begani. Nikamwambia tuwahi basi la kurudi. Akasema basi lipo na la mchana, anataka kuona.

Aliketi kwenye ngazi, akatazama. Sijui alitazama muda gani. Kisha akavua viatu vyake, akashuka, akasimama pembeni mwa zulia kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu. Akakanyaga. Akatembea kidogo. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu yake.

"Lote liko hivi?" aliniuliza. "Mpaka kule?"

"Mpaka kule."

"Na hakuna jiwe."

"Hakuna."

Mwalimu Jaywanti alimwona. Nilidhani atamfukuza, maana peku hairuhusiwi. Badala yake alimletea gongo. Mama alilishika kwa vile vidole viwili ambavyo vimeungana vibaya, vimepinda kama ndoana, na akasimama mbele ya goli. Wasichana walimwangalia Mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mmoja akaja na mpira, mbio, kwa heshima kidogo. Mama akauchukua. Wa pili akaja bila heshima. Akauchukua. Wa tatu, yule mwepesi kuliko wote, alimpita, kwa kuwa mpira wa zuliani una haraka ambayo Mama hakuijua. Alicheka. Sijawahi kumsikia Mama akicheka uwanjani. Akamwambia binti arudie. Aliporudia, Mama alikuwa ameshajifunza.

Wasichana walipiga makofi. Mwalimu alisema kitu karibu na sikio lake, wakatazama upande wangu wote wawili, nami nikatazama begi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikijua tunaondoka wote. Basi lilipotokea alinyoosha mkono kunivua begi begani, nikadhani ananisaidia kubeba. Akaliweka chini, kwenye nyasi, kando yangu.

"Palizi tutaimudu na shangazi yako," alisema. "Mimi nimecheza kwa ajili ya mbuzi miaka yote hii, na mbuzi ni kitu kizuri, sisemi vibaya. Lakini analiwa, na kesho yake hakuna anayejua kama ulicheza. Nataka mtu wa nyumba yangu acheze kwa kitu kisicholika."

Nikamwambia nimeshindwa.

"Najua kilichokushinda. Nilikuwepo mguu ulipokatwa, ni mimi uliyenishikia nafasi. Sasa shika yako."

Kondakta alikuwa anagonga ubavu wa basi. Mama alipanda, akapata kiti upande wa pili, sikumwona tena.

Nilibaki pale mpaka vumbi, au tuseme tope, likatulia. Kisha nikachukua begi, nikarudi ndani. Walikuwa bado hawajamaliza mazoezi. Nikafunga viatu.